Paa Kwanza, Kiyoyozi Baadaye: Hotuba kwa Kamati za Ujenzi na Wahazini wa Makanisa ya Dar es Salaam

Baba Askofu, waheshimiwa wachungaji na mapadre, wazee wa kanisa, wahazini, wajumbe wa kamati za ujenzi, na mafundi mlioambatana nao: Bwana Yesu asifiwe. Na kwa ndugu zangu Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristo.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kukarabati majengo yetu ya ibada ili yatumie umeme kidogo kuliko yanavyotumia sasa. Nitasema mapema ninachokitetea, ili anayetaka kunipinga apate muda wa kujiandaa. Katika jiji hili, gharama ya umeme ya kanisa huanzia kwenye paa na madirisha kabla mashine yoyote haijawashwa. Kwa hiyo fedha ya kwanza ya ukarabati iende kwenye paa na kwenye kuta, na viyoyozi na sola vifuate baada ya hapo, vikiwa vichache na vidogo kuliko mlivyokuwa mmepanga.

Ninalazimika kuanza hivyo kwa sababu ushauri mwingi unaopatikana kuhusu jambo hili umeandikwa kwa ajili ya nchi za baridi. Kanisa la Uingereza, kwa mfano, liliazimia kupitia Sinodi yake Kuu mwezi Februari 2020 kwamba ifikapo mwaka 2030 shughuli zake zisiwe zinaongeza hewa ya ukaa angani, na sehemu kubwa ya kazi waliyojitwika inahusu kupasha joto majengo ya mawe yenye umri wa karne nyingi: kuachana na boila za gesi na mafuta, kuziba nyufa za milango, kuzuia joto lisitoroke. Ni kazi njema kwao. Lakini mjumbe wa kamati atakayeuchukua ushauri ule mzima mzima na kuuleta Tabata au Mbagala ataziba mahali ambapo sisi tunatakiwa kufungua. Tatizo letu ni joto linaloingia na kukosa pa kutokea.

Waliojenga mwanzoni katika jiji hili walilijua hilo. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya 1897 na 1902, na Kanisa la Kilutheri la Azania Front lililo jirani yake, lililojengwa na wamisionari wa Kijerumani katika miaka hiyo hiyo, yalijengwa wakati ambapo hakuna aliyetegemea umeme kupoza ibada. Anayepita Azania Front akainua macho ataona juu ya madirisha vipaa vidogo vya vigae vyekundu vilivyotokeza ukutani. Wageni huvipiga picha kama urembo, lakini vipaa vile viliwekwa kwa ajili ya kivuli, kwa kuwa kioo ambacho jua halikigusi hupitisha joto dogo sana kuliko kile kinachopigwa na jua moja kwa moja. Hata Wajerumani waliokuja na michoro ya kwao walifika hapa wakakubali kufundishwa na jua la Pwani.

Sisi tuliokuja baadaye tumejenga makubwa zaidi, kwa haraka zaidi, na kwa michango ya awamu. Sitoi lawama, maana waumini waliongezeka kuliko fedha. Ila ingieni katika ibada ya pili ya Jumapili ya mwezi Februari, saa 5 asubuhi, katika ukumbi wa kawaida wenye bati juu. Kina mama wanajipepea kwa karatasi za matangazo. Wanakwaya waliovaa majoho wamesogea taratibu hadi karibu na mlango wa pembeni, na mwalimu wao amekata tamaa ya kuwarudisha. Walioko kwenye roshani ya juu, ambao vichwa vyao viko karibu kabisa na bati, wamenyamaza wakati wa chini wanaimba. Feni zote zinazunguka. Mahubiri yakifika dakika ya arobaini, hakuna anayesikiliza, hata kama mhubiri amejaliwa kipawa.

Joto lile lina vyanzo viwili, na inafaa kuvitenganisha.

Cha kwanza ni paa. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, na hivyo mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri husimama wima juu ya vichwa vyetu. Katika miezi mingine yote halitoki mbali sana na hapo. Anga likiwa safi, kila mita moja ya mraba inayotazama jua la adhuhuri hupokea takriban wati 1,000. Paa la ukumbi wa mita za mraba 600 linapokea basi nishati ya kiasi cha kilowati 600, ambayo ni kubwa kupita kifaa chochote ambacho kanisa lolote hapa limewahi kukinunua. Bati la rangi nzito, ile maruni au kijivu cha mkaa inayopendwa sana sasa katika mabati ya msauzi, hufyonza sehemu kubwa ya nishati hiyo na linaweza kupita nyuzi joto 60, kisha huirudisha chini kwa mionzi, moja kwa moja vichwani mwa waumini. Rangi nyeupe iliyo safi hurudisha angani karibu robo tatu ya mwanga huo kabla haujawa joto. Bati ni lile lile na kenchi ni zile zile, na tofauti imeletwa na rangi tu.

Chanzo cha pili ni sisi wenyewe. Mtu mzima aliyeketi kimya hutoa joto la takriban wati 100, na anayeimba na kupiga makofi hutoa zaidi. Waumini 1,000 ni kilowati 100 za joto, mbali na unyevu wa pumzi na jasho. Hakuna rangi ya kuzuia hilo, na hakuna mchungaji atakayetaka kulizuia. Dawa yake ni hewa inayopita: iingie chini, ipite katikati ya watu, itokee juu.

Hapo ndipo ninapoona ukarabati mwingi wa miaka ya karibuni umeharibu kilichokuwa kizuri. Kanisa lilikuwa na madirisha ya vioo vya vipande, yale ya kufungua kwa mkono wa chuma, ambayo yakifunguliwa karibu upenyo wote unapitisha hewa. Kamati ikayaona yamepitwa na wakati, ikaweka madirisha ya aluminiamu ya kusukuma, ambayo hata yakifunguliwa mpaka mwisho nusu ya upenyo inabaki imezibwa na kioo. Kwa uamuzi mmoja, na kwa gharama kubwa, njia ya hewa ya kanisa zima imekatwa nusu. Kisha ikaja dari ya jipsam yenye ngazi ngazi na taa ndogo ndogo kama nyota, ikashushwa chini ya matundu ya zamani yaliyokuwa kwenye kuta za pembetatu za mwisho wa paa, na hewa ya moto iliyokuwa ikitokea pale ikakosa mlango. Baada ya hayo mawili, ndipo mtu anasimama kwenye kikao na kusema kwamba kanisa lina joto, tununue viyoyozi. Kupoza kwa mashine ukumbi wa namna hiyo kabla ya kurekebisha paa na madirisha ni kuteka maji kwa pakacha.

Naomba mnivumilie kidogo kuhusu upande wa jua na upepo, kwa sababu hapa kuna jambo ambalo michoro ya vitabu vya mbali haitawaambia. Pepo zetu kubwa ni mbili. Kaskazi huvuma kati ya Desemba na Machi kutoka kaskazini-mashariki, na kusi huanza kuvuma kuanzia Aprili au Mei kutoka kusini-mashariki. Zote mbili zina asili ya mashariki, yaani upande wa bahari. Na ibada zetu nyingi ni za asubuhi, kati ya saa 1 na saa 6, wakati ambapo jua nalo liko mashariki. Maana yake ni kwamba ukuta unaotuletea upepo ndio ule ule unaotuletea jua wakati kanisa limejaa watu. Anayeuziba ukuta huo kwa pazia zito kwa ajili ya jua anafukuza upepo, na anayeufungua bila kivuli anakaribisha jua hadi kwenye viti vya mbele.

Ufumbuzi wake ni wa fundi seremala na fundi mwashi kuliko wa fundi umeme. Matofali ya matundu yaliyopangwa vizuri hupitisha upepo na kukata jua. Kibaraza chenye upana wa mita mbili na nusu upande wa mashariki hufanya hivyo hivyo, na zaidi ya hapo huwapa kina mama wenye watoto wachanga mahali pa kukaa. Vipande vya mbao au vya aluminiamu vilivyolazwa kwa mshazari mbele ya dirisha hufaa pale ambapo hakuna nafasi ya kibaraza. Mwarobaini uliopandwa umbali wa kutosha na msingi, matawi yake yakaachwa juu na shina likabaki wazi, ni kivuli kisichozuia upepo. Ila msiupande karibu na mifereji ya paa, maana majani yake yataiziba kila masika. Upande wa kaskazini na wa kusini kazi ni nyepesi, kwa kuwa jua la adhuhuri liko juu sana mwaka mzima na ukingo wa paa uliotokeza kiasi unatosha kuzikinga kuta hizo. Ukuta wa magharibi unahitaji kivuli pale tu ambapo kuna ibada za jioni au vipindi vya vijana vya alasiri. Lakini upewe madirisha makubwa kuliko ya mashariki, kwa sababu upepo ulioingia ni lazima uwe na pa kutokea, na juu kabisa chini ya mgongo wa paa yaachwe matundu yenye wavu wa kuzuia popo na ndege.

Najua pingamizi lililoko vichwani mwenu: kelele. Makanisa mengi yamefunga madirisha kwa sababu majirani wamelalamika, na NEMC, yaani baraza la taifa la mazingira, ina kanuni za viwango vya kelele tangu 2015 ambazo haziibagui nyumba ya ibada. Hili ni pingamizi halali. Hata hivyo, mara nyingi chanzo chake ni spika mbili kubwa mbele zinazolazimika kumfikia muumini wa kiti cha mwisho, na hivyo zinamfikia pia jirani wa nyumba ya tatu. Spika ndogo nyingi zilizotundikwa kwenye nguzo, kila moja ikiwasemesha watu waliokaa karibu nayo kwa sauti ya wastani, huwafanya waumini wasikie maneno kwa uwazi zaidi, hupunguza kelele inayotoka nje, na hupunguza umeme wa vikuza sauti. Kwa kanisa lililoko katikati ya makazi, kupanga spika upya kwa namna hiyo ni sehemu ya kazi ya kupoza jengo, kwa maana ndiko kunakoruhusu madirisha yafunguliwe.

Kuhusu feni nina machache. Hewa inayokwenda kwa kasi ya mita moja kwa sekunde humfanya mtu ajisikie kama joto limepungua kwa nyuzi tatu hivi, na hiyo ni poza ya bei nafuu kuliko zote. Lakini feni inapoza mtu, haipozi chumba. Ikining'inizwa mita saba juu, karibu na dari, inachanganya hewa ya moto na kumrudishia aliye chini. Ishushwe kwa bomba refu hadi mita tatu hivi kutoka sakafuni. Feni inayozunguka kwa uvivu, kabla ya kutupwa, ikaguliwe kapasita yake, ambayo ni kifaa kidogo cha bei ndogo. Zinaponunuliwa mpya, ziulizwe zile zinazotumia wati 35 au chini ya hapo badala ya 75 za zamani, kwani zipo sokoni. Taa sitazizungumzia sana, kwa kuwa wengi mmeshabadilisha: tyubu ya zamani pamoja na choki yake hula takriban wati 45, ya LED ya urefu ule ule hula 18, na ile taa kubwa ya halojeni ya wati 500 inayowamulika wanakwaya wakati wa kurekodi, mbali na umeme inaoula, inawachoma.

Sasa tufike kwenye viyoyozi, na nitatumia hesabu ili mhazini anihukumu.

Waumini 1,000 wanatoa kilowati 100 za joto. Kiyoyozi cha BTU 24,000 huondoa kilowati 7 hivi. Kuondoa joto la miili peke yake kunahitaji viyoyozi 14, na ukiongeza paa, kuta, madirisha na hewa safi ambayo lazima iingie ili watu wapumue, katika jengo lisilorekebishwa idadi hiyo inaweza kufika mara mbili. Viyoyozi 28 vya aina ya kawaida, kila kimoja kikitumia takriban kilowati 2.2, ni kilowati 62. Kwa saa nne za Jumapili hizo ni uniti 248. Kanisa lililo katika kundi la T1 la TANESCO, yaani la wateja wa matumizi ya kawaida, kwa bei ya TSh 292 kwa uniti iliyowekwa mwaka 2016, ambayo pamoja na VAT na tozo za REA (wakala wa nishati vijijini) na EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) hufika karibu TSh 356, litalipa takriban TSh 88,000 kwa Jumapili hiyo.

Mhazini atasema kwamba elfu themanini na nane kwa watu elfu moja si neno. Namkubalia. Kama gharama ingekuwa hiyo tu, ningekaa chini. Lakini mzigo wa kilowati 62 unaohitajika kwa saa nne kwa wiki unadai njia ya umeme ya kubeba kilowati 62 kwa wiki nzima. Utaombwa nyaya mpya za fezi tatu na meini swichi mpya, na mahali pengine utaambiwa transfoma ya mtaa haitoshi. Jenereta lililokuwa likiendesha feni na spika halitaweza tena, litanunuliwa la zaidi ya kVA 80 (kVA ni kipimo cha mzigo wa umeme, kinachokaribiana na kilowati), na jenereta kubwa namna hiyo likiwashwa katikati ya wiki kwa ajili ya kikao cha wazee tisa litakunywa dizeli kama vile lina kazi. Lita moja ya dizeli, jenereta likiwa limebeba mzigo unaofaa, hutoa uniti tatu hivi. Dizeli ikiwa karibu TSh 3,000 kwa lita, uniti moja ya jenereta ni karibu mara tatu ya uniti ya TANESCO. Halafu kuna kusafisha vichujio vya viyoyozi 28, kuongeza gesi, na kubadilisha kompresa ambazo chumvi ya bahari na umeme unaopanda na kushuka vimezimaliza.

Yapo pia makanisa makubwa yenye hosteli, shule na zahanati kwenye kiwanja kimoja, ambayo matumizi yake yanazidi uniti 7,500 kwa mwezi na yamewekwa kundi la T2. Ninyi mnalipa uniti kwa bei ya chini, lakini mnalipa pia kwa kilele cha mzigo wa mwezi, ambacho katika bei za 2016 kilikuwa TSh 15,004 kwa kila kVA kabla ya kodi. Jumapili moja ya viyoyozi vyote kuwashwa kwa pamoja inayoongeza kVA 60 juu ya kilele cha kawaida inagharimu zaidi ya TSh 900,000 mwezi huo, hata kama Jumapili zilizofuata mlifungua madirisha. Anayesimamia umeme katika makanisa hayo ajifunze angalau kuviwasha kwa awamu, na kutoviwasha wakati pampu ya maji na jiko la shule vinafanya kazi.

Sisemi kiyoyozi ni dhambi. Ofisi ya mhasibu, chumba cha mitambo ya sauti na matangazo, na chumba kidogo cha wazee wenye shida ya moyo ni mahali pake. Na kama usharika wenu umeamua kwamba ukumbi mkubwa lazima uwe na viyoyozi, basi paa lipakwe rangi nyeupe na dari iwekewe juu yake kizuia joto kabla ya kuhesabu mashine, maana baada ya hapo hesabu itashuka. Mnunue vyenye inveta, yaani vinavyopunguza kasi ya kompresa joto likipungua, na msipokee zawadi ya viyoyozi vya mtumba vinavyotumia gesi ya R22, ambayo chini ya Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kulinda tabaka la ozoni, nchi zetu zinaiondoa sokoni kwa karibu kabisa ifikapo 2030. Ibada ya katikati ya wiki yenye watu arobaini ihamishiwe chumba cha mafundisho. Ukumbi wa watu elfu moja hauna sababu ya kuwashwa wote, taa, feni na kila kitu, kwa ajili ya watu arobaini waliokaa mbele.

Sola imekuja mwisho katika maneno yangu, na nimefanya hivyo kwa makusudi. Kilowati moja ya paneli hapa kwetu hutoa kwa wastani uniti nne hivi kwa siku. Tatizo la kanisa ni kwamba jua halisubiri Jumapili. Mtambo wa kilowati 10 utatoa uniti 40 Jumapili, na utatoa uniti 40 pia Jumatatu, Jumanne na Jumatano wakati jengo limefungwa. Msipokuwa na chekechea, pampu ya kisima, ofisi au hosteli ya kuutumia umeme huo, mtakuwa mmenunua mtambo wa siku saba kwa kazi ya siku moja. Kwa hiyo ukubwa wa sola upimwe kwa matumizi ya Jumanne, na kama mnakusudia kuingiza ziada kwenye gridi, muiandikie TANESCO mapema na kupata masharti yake kwa maandishi kabla ya kulipa malipo ya awali kwa muuzaji. Kenchi zikaguliwe na mhandisi, kwa sababu paneli huongeza uzito na hushikwa na upepo, na vishikizo viwe vya aluminiamu na chuma kisichoshika kutu. Faida moja ambayo wauzaji huisahau ni kwamba paneli zilizoinuliwa kidogo juu ya bati hulipatia bati kivuli.

Kuna wanaosema kwamba tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, yenye uwezo wa megawati 2,115, ilipoanza kuwashwa mwaka 2024, mgao wa 2023 umebaki hadithi na hakuna haja ya kubana matumizi. Umeme kuwa mwingi Rufiji hakuifanyi uniti iwe ya bure Kimara. Mhazini anajua.

Nirudi kwenye fedha, maana ndipo mipango hii inapokwama, na sababu yake inanichekesha kidogo. Kiyoyozi kinaonekana. Aliyekitoa ataketi chini yake, na jina lake litasomwa kwenye harambee, na waumini watapiga makofi. Rangi nyeupe iko juu ya paa ambako hakuna atakayeiona isipokuwa marubani wanaoshuka uwanja wa Julius Nyerere. Sijawahi kusikia mtu akiahidi kwenye harambee kwamba yeye na familia yake watatoa matundu ya hewa. Kwa hiyo kazi za aina hii zisitegemee harambee. Ziingizwe katika bajeti ya kawaida ya matengenezo, kwa fungu lake, na kinachookolewa kwenye LUKU katika mwaka wa kwanza kirudi kwenye fungu hilo hilo badala ya kupotelea kwenye matumizi mengine.

Lakini huwezi kujua umeokoa nini kama hukupima. Kabla ya kumwita mkandarasi yeyote, mlinzi au mhudumu apewe daftari, asome mita ya LUKU kila siku saa 12 asubuhi na saa 12 jioni kwa wiki nne, na Jumapili asome pia kabla ya ibada ya kwanza na baada ya ibada ya mwisho. Makanisa mengi yatakuta jambo lisilotarajiwa: kwamba Jumapili ni sehemu tu ya matumizi, na kwamba fedha nyingi inaondoka usiku wa siku za kazi kupitia taa za ulinzi, friji la jikoni lenye mpira uliochakaa, hita ya maji ya nyumba ya wageni, na vikuza sauti ambavyo havizimwi kuanzia Jumapili hadi Jumapili.

Yapo matahadhari matatu ambayo sitaki mtu aondoke bila kuyasikia. Majengo ya miaka ya katikati ya karne iliyopita huenda yameezekwa kwa vigae vya asbesto; hivyo visikatwe, visisuguliwe wala visioshwe kwa maji ya presha, maana vumbi lake huua kwa kansa ya mapafu miaka mingi baadaye, na kuviondoa ni kazi ya wataalamu. Majengo ya kale, yakiwemo yale ya ufukweni niliyoyataja, yasitobolewe tundu wala kubadilishwa dirisha kabla ya kuwasiliana na mamlaka ya mambo ya kale. Na fundi umeme awe na leseni ya EWURA. Mwanakwaya anayejua kuunganisha nyaya ni baraka kwa kwaya, lakini mzigo wa fezi tatu si wake.

Kwa watakaoanza na paa, msimu unasaidia. Rangi ipakwe kati ya Juni na Septemba, masika yakiwa yamekwisha na vuli haijaanza, bati likiwa limesuguliwa kutu, limeoshwa, limekauka na kupakwa rangi ya msingi inayoshika kwenye mabati ya zinki. Kazi ifanyike kuanzia alfajiri hadi saa 4, kwa kuwa rangi ikipakwa juu ya bati la moto hukauka kabla haijashika, na fundi naye ni mtu. Baada ya hapo ioshwe mara moja kwa mwaka, kwa sababu vumbi na ukungu wa jiji hili huirudisha kuwa ya kijivu.

Wahazini walioitikia wito wa kuja na risiti zao za LUKU za miezi kumi na miwili, naomba mbaki kwenye meza za mbele pamoja na mafundi wenu, tuzisome moja moja kabla ya chakula cha mchana. Ahsanteni sana.